Je, wajua? Kwa nini mteremko haulipi deni la mlima

Familia ikiwa likizo na kuna nusu siku ya kuendesha baiskeli, swali la kwanza huwa: njia ni kilomita ngapi? Ndilo nililouliza Lushoto, mwezi wa Desemba, tukiwa wanne: mimi, baba watoto, binti yetu wa miaka 11 na kaka yake wa 14. Mwenyeji wetu alisema 18. Nikakumbuka safari yetu ya Naivasha, Kenya, ambako ndani ya hifadhi ya Hell's Gate unaruhusiwa kupita kwa baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Kutoka lango la Elsa hadi kwenye korongo la Ol Njorowa na kurudi ni kilomita kama 16, na siku ile tulimaliza saa 4 asubuhi bado tuna nguvu. Sasa kilomita 2 za ziada zingetufanya nini?

Tuliondoka saa 2 asubuhi, chakula cha mchana kikitusubiri saa 7. Tulirudi saa 8 na nusu, binti yangu akiwa amekokota baiskeli sehemu kubwa ya njia, hasemi neno. Hakuna aliyeugua wala kuanguka. Tatizo lilikuwa hesabu yangu, na naamini watu wengi wanaipiga kama nilivyoipiga mimi.

Kosa lenyewe lina tabaka mbili. La juu ni kudhani kwamba kilomita ndiyo kipimo cha kazi. Barabara ya Hell's Gate ni ya vumbi lakini karibu yote ni tambarare. Njia yetu ya Lushoto ilipanda jumla ya mita kama 600, ukijumlisha kila kilima. Hilo ni rahisi kulikubali ukishaambiwa.

Tabaka la chini ndilo gumu, kwa sababu linafanana sana na ukweli: "Tunapanda, sawa, lakini si tutashuka pia? Tunaanzia hapa na kuishia hapa hapa, kwa hiyo vinafidiana." Mwenzangu alisema hivyo kwenye kilima cha kwanza, nami nikaitikia. Havifidiani, na ni vizuri kuona kwa nini.

Tuanze na kazi yenyewe. Chukua ndoo ya maji ya lita 20 uipandishe ghorofa moja, mita 3 hivi. Kila aliyewahi kuishi kwenye nyumba ambayo maji hayafiki juu anaijua kazi hiyo mabegani mwake. Sasa mimi na baiskeli yangu, pamoja na chupa ya maji, tuna kilo kama 85. Kuinua kilo 85 mita 600 ni kazi ile ile ya kupandisha ndoo 850 ghorofa moja, bila hata kuhesabu uzito wa anayezibeba. Gia nyepesi haipunguzi hata ndoo moja. Inachofanya ni kukugawia kazi ile ile vipande vidogo vidogo, kama kubeba kwa kopo badala ya ndoo: kila safari nyepesi, lakini safari ni nyingi.

Ukifika kileleni, kazi yote ile umeiweka akiba. Fizikia haikudanganyi hapo: nishati ipo, na mteremko utakurudishia. Swali ni nani anaipokea. Kwenye njia yenye mawe, mizizi na kona, hupokei wewe, zinapokea breki. Kwenye mteremko mmoja mrefu tulisimama, na kijana wangu akagusa diski ya breki ya mbele kwa ncha ya kidole. Akauondoa mkono mara moja. Moto ule ulikuwa jasho letu la saa nzima iliyotangulia, limegeuka joto na kupotelea hewani. Basi linalotoka Mombo kupanda Lushoto, karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 33, lina hadithi hiyo hiyo: linakwea likinguruma na kunywa mafuta, na linaposhuka dereva harudishiwi hata lita moja kwenye tangi. Anashuka kwa gia ya chini, akichunga breki zisiungue.

Na ukiachia breki? Upepo unachukua. Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakusukuma nyuma kwa nguvu mara nne. Kwa hiyo hata kwenye lami iliyonyooka fedha yako hairudi yote, ingawa hairudi kidogo kama kwenye njia ya shamba.

Kisha kuna muda, na hapa ndipo nilipoduwaa nilipokaa na kalamu. Tuseme unapanda kilomita 6 kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa: saa nzima. Unashuka hizo hizo 6 kwa mwendo wa 30: dakika 12. Watu husema wastani ni 18, nusu ya 6 na 30 zikijumlishwa. Umekwenda kilomita 12 kwa saa moja na dakika 12, kwa hiyo wastani ni 10. Hata ungeshuka kama umeme, kufumba na kufumbua, wastani usingevuka 12, kwa sababu saa moja ulishaitumia mlimani. Unakaa muda mrefu sana kwenye sehemu ya polepole na muda mfupi sana kwenye ya kasi.

Wapanda milima walilijua hili mapema. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith alipendekeza kanuni kwa watembeao: saa moja kwa kila maili 3, ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani mita kama 610. Kwa kushuka hakupunguza chochote.

Kwa baiskeli nimejitengenezea ya kwetu. Mtu mzima asiye mwanamichezo anaweza kutoa kama wati 100 kwa muda mrefu. Kwa kilo 85, hizo zinampandisha mita 100 kwa dakika 14 hivi, ziite 15. Kwenye njia ya vumbi nampa dakika 5 kwa kila kilomita. Basi kilomita 18 zenye mita 600 za kupanda ni dakika 90 na 90: saa 3. Kilomita 36 za tambarare tupu pia ni saa 3. Yaani nilidhani nimechagua Hell's Gate na kidogo, kumbe nilichagua Hell's Gate zaidi ya mara mbili. Haya ni makadirio ya mahali pakavu. Mvua ikinyesha Usambara, udongo mwekundu hujaa kati ya tairi na uma hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na hapo kanuni yangu haifai kitu.

Tena hiyo ni hesabu ya mtu mzima. Baiskeli ya kukodi ilikuwa na kilo 14. Kwangu mimi mwenye kilo 70 ni asilimia 20 ya uzito wangu. Kwa binti yangu mwenye kilo 35 ni asilimia 40. Tulikuwa tunapanda kilima kimoja, lakini yeye alikuwa na mzigo ambao sisi hatukuwa nao. Mwinuko ukiwa mkali, mita 10 kwa kila mita 100, hata mimi nakwenda kilomita 3 na ushei kwa saa, polepole kuliko anayetembea, na baiskeli inaanza kuyumba. Mtoto anayeshuka na kukokota hapo amefanya hesabu sahihi.

Siku mbili baadaye tulimwendea tena mwenyeji wetu. Safari hii nilimuuliza tunapanda mita ngapi, na kilima kikubwa kipo mwanzo au mwisho. Akachukua kijiti, akachora njia chini kwenye vumbi kama mgongo wa ngamia, kisha akafuta nundu ya pili kwa mguu: "Hii tuiache, kwa sababu ya mdogo." Zikabaki kilomita 11 na mita 200 za kupanda, karibu zote asubuhi wakati miguu bado mipya. Dakika 85 kwenye karatasi. Na binti, maji na picha, saa 3 kasoro. Tuliingia uani saa 5 na nusu, yeye mbele, akiuliza kama kesho baiskeli zitakuwepo.