Zamrock: Sikiliza Besi na Drams Kabla ya Gitaa

Zamrock ni roki iliyopigwa na bendi za Zambia katika miaka ya sabini. Albamu ya kwanza ya mojawapo ya bendi hizo, WITCH, iitwayo Introduction, hufunguliwa na wimbo wenye jina hilohilo, ambamo vijana hao wanajitambulisha kwa wasikilizaji huku kinanda kikiwasindikiza na gitaa likikwaruza pembeni. Mtu aliyelelewa na roki ya Uingereza huisikiliza kwa dakika moja, akatabasamu, kisha akatoa hukumu kwamba hao ni Rolling Stones wa bei nafuu. Hukumu hiyo nimeisikia mara nyingi, kwa sababu kazi yangu ni kusafisha santuri za zamani na kuhamishia sauti zake kwenye kompyuta, na wateja hupenda kutoa maoni wakati santuri ikiwa bado inazunguka. Nadhani wanakosea, na wanakosea kwa sababu masikio yao yanakimbilia gitaa la solo na sauti ya mwimbaji, ambako mwigo umekaa wazi, na kuacha kabisa kilichomo chini yake.

Mwigo ulikuwepo, na wenyewe hawakuuficha. Mwimbaji wa WITCH, Emanyeo Chanda, alijulikana kwa jina la Jagari, ambalo ni jina la Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, lililotiwa ulimi wa Kizambia. Vijana wa miji ya Copperbelt, kama vile Kitwe, Chingola, Mufulira na Ndola, walikulia katika eneo la migodi ya shaba ambako mishahara ilikuwa ya uhakika kuliko sehemu nyingi za nchi, na ambako santuri za roki za Hendrix, Deep Purple, Black Sabbath na Grand Funk zilifika pamoja na wafanyakazi wa kigeni na maduka yao. Zambia ilikuwa imepata uhuru mwaka 1964. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alipiga gitaa na kuimba, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia. Agizo hilo halikusema muziki huo uwe wa aina gani, nami naliona kuwa bahati kubwa, maana bendi za roki zilihesabiwa kuwa za nyumbani sawa na ngoma za kijijini.

Sasa tuyarudie masikio. Ichukue albamu ya WITCH ya mwaka 1975, Lazy Bones!!, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyokomaa kuliko zote za bendi hiyo. Humo magitaa mawili hayapokezani kwa utaratibu wa solo na kitikio. Chris Mbewe na John Muma hutumia pedali ya fazi, ile inayolifanya gitaa likwaruze kama redio iliyopasuka spika, na pedali ya wawa, inayofungua na kufumba sauti kama mdomo wa mtu, na mara nyingi wote wawili hupiga kwa pamoja bila mmoja kumpisha mwenzake. Katika nyimbo kama “Black Tears” na “Strange Dream” msikilizaji mgeni huhisi vurugu. Lakini rudia wimbo huohuo ukifuata besi ya Gedeon Mwamulenga peke yake, na utaona kwamba besi ndiyo inayobeba mwendo, ikirudia kifungu kifupi kwa ukaidi, huku drams za Boidi Sinkala zikikaa nyuma kidogo badala ya kusukuma mbele kama zifanyavyo zile za Waingereza. Magitaa yana uhuru wa kupotea kwa sababu chini yao hakuna anayepotea. Mpangilio huo wa kifungu kifupi kisichochoka, na sauti nyingine zikizunguka juu yake, ni wa kucheza dansi, na mtu aliyezoea ngoma zetu za Afrika Mashariki na Kati hahitaji kufundishwa namna ya kuusikiliza.

Jambo la pili linalowafanya watu waidharau Zamrock ni ubora wa kurekodi, na hapa ningependa kuzungumza kama fundi. Studio zilizotumika, kama ile ya Malachite iliyokuwa Chingola na ile ya DB ya Lusaka, hazikuwa na mitambo ya London. Bendi ilipiga kwa pamoja chumbani, sauti ya chombo kimoja ikaingia katika maikrofoni ya kingine, na fundi hakuwa na nafasi ya kutenganisha baadaye kilichokwisha kuchanganyika. Matokeo yake ni sauti kavu, iliyobanwa katikati, ambayo ukiipiga kwenye spika kubwa za kisasa zenye kuongeza besi kwa nguvu huvimba na kupoteza umbo. Ushauri wangu ni kuzima marekebisho yote ya besi na trebo, yaani sauti nene na nyembamba, kupunguza sauti, na kukaa karibu na spika.

Mfano bora wa jinsi ufundi unavyobadili maana ya muziki ni albamu ya Africa ya bendi ya Amanaz, ya mwaka 1975. Albamu hiyo ina michanganyo miwili tofauti ya rekodi zilezile, mmoja mkavu na mwingine uliozamishwa katika mwangwi, na kampuni ya Now-Again ya Marekani, iliyofanya kazi kubwa ya kuzirudisha santuri za Zambia sokoni, imeitoa yote miwili. Katika mchanganyo mkavu, “Khala My Friend” ni wimbo wa rafiki anayekuaga akiwa amekaa mbele yako. Unasikia mpaka udhaifu wa sauti yake. Katika ule wa mwangwi rafiki huyo amekwisha kuondoka na unamsikia kutoka mbali. Wakusanyaji wengi wa santuri hupenda ule wa mwangwi kwa sababu unafanana na wanachokitarajia kutoka katika roki ya miaka ile. Mimi huupendelea ule mkavu kwa wimbo huo, ingawa kwa “History of Man”, ambao fazi yake ni nzito na uimbaji wake una hasira, ninakubali kwamba mwangwi huupa ukubwa unaostahili.

Paul Ngozi anahitaji maelezo yake peke yake, kwa sababu yeye ndiye mwanamuziki wa Zamrock aliyependwa zaidi na watu wa kawaida nchini mwake, na ndiye asiyefaa kabisa katika kisa cha mwigo. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Paul Dobson Nyirongo. Kwenye Day of Judgement ya mwaka 1976, iliyotoka kwa jina la Ngozi Family, fazi haizimwi karibu albamu nzima. Inatumika hata mahali ambapo gitaa la kuitikia lingetosha, na drams za Chrissy Zebby Tembo zinapigwa kwa nguvu moja, bila urembo. Ukisikiliza kwa masikio ya Deep Purple utasema hajui kupiga. Mimi nasema alikuwa ameamua kitu kimoja na kukishikilia. Baadhi ya nyimbo zake, kama “Tikondane”, ziko katika Kinyanja, na kadiri miaka ilivyokwenda aliimba zaidi na zaidi kuhusu maisha ya nyumbani na mitaani katika lugha ambayo shangazi sokoni angeielewa. Ndiyo maana wakati bendi nyingine zilipokwama, yeye aliendelea kupata wasikilizaji mpaka alipofariki mwaka 1989. Tembo mwenyewe ana albamu yake, My Ancestors, na “Coffin Maker” iliyomo humo ni wimbo ambao ningeuweka mbele ya mtu yeyote anayedai kwamba roki ya Afrika haina uzito.

Keith Mlevhu nitamtaja kwa ufupi tu: Love and Freedom ya mwaka 1976 ni kazi ya mtu aliyepiga karibu vyombo vyote yeye mwenyewe, na upweke huo unasikika. Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga iliyochukua jina la maporomoko ya Mto Zambezi, walikuwa na njia nyingine, yenye ngoma za mikono na saksafoni. Hao walikaa na kurekodi Nairobi, ambako viwanda vya santuri vilikuwa vimetangulia vya Zambia, na Wings of Africa ya mwaka 1975 ni sehemu ya historia ya muziki wa Kenya pia, ingawa sijawahi kuiona ikihesabiwa hivyo.

Sababu za kusahaulika hazina uhusiano mkubwa na ubora. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya sabini, fedha za kununulia santuri na tiketi zikakauka. Zambia iliwapokea wapigania uhuru wa nchi jirani, na vita vya Rhodesia (Zimbabwe ya leo) vilipovuka mpaka, kulikuwa na nyakati za kuzima taa na kutotoka usiku, jambo linaloua kazi ya bendi moja kwa moja. Kisha zikaja kaseti za kunakili kiholela, disko, na baadaye UKIMWI, ambao uliwachukua wengi wa kizazi hicho. Jagari aliacha jukwaa na kwa muda mrefu akawa mchimbaji wa vito, hadi wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walipomtafuta. Mwaka 2023 WITCH walitoa Zango, waliyoirekodi katika studio ileile ya DB.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kuna mlango mwingine wa kuingilia katika muziki huu, ulio karibu zaidi. Bendi ya Sunburst iliundwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya sabini, ikiwa na wanamuziki kutoka Tanzania, Zaire na Zambia, na muziki wao wakauita Kitoto. Huo haukuwa mji rahisi kwa vijana wa magitaa ya umeme, kwani Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa madai kwamba unaharibu utamaduni na maadili. Sunburst walipiga roki, soul na midundo ya Kikongo kwa pamoja, wakaimba kwa Kiingereza na Kiswahili, na mwishowe albamu yao pekee, Ave Africa, ikatoka Zambia mwaka 1976. Kampuni ya Strut ya London iliirudisha sokoni mwaka 2016 pamoja na rekodi zao za awali. Anza na “Enzi za Utumwani”. Maneno utayaelewa bila msaada wa mtu, kwa hiyo utabaki na nafasi ya kufuata besi tangu mwanzo, na ukimaliza hapo hamia “Simba Anguruma”, kisha ndipo urudi kwa WITCH.