Kutu kwenye nyonga bandia: nani yuko hatarini?

Wagonjwa wengi kliniki kwangu hapa Nairobi huuliza nyonga bandia itadumu miaka mingapi. Ni wachache wanaouliza imeundwa kwa metali gani, na mimi swali hilo ndilo nalipenda.

Nyonga bandia si kipande kimoja. Kuna shina linaloingizwa ndani ya mfupa wa paja, mara nyingi la titani, na juu ya shingo yake hukaa tufe la kauri au la mchanganyiko wa kobalti na kromu. Tufe halichomelewi, hugongwa likabana. Lakini kila hatua hulichezesha kidogo mno, kiasi cha kukwangua utando mwembamba unaolinda metali. Majimaji ya mwili yana chumvi. Yakipenya pale ambapo metali mbili tofauti zinasuguana, kutu huanza.

Tufe kubwa, la milimita 36 au zaidi, halichomoki kirahisi, ila huielemea shingo kuliko la milimita 28. Shingo ndefu nayo huongeza mzigo, na uzito wa mwili pia. Zipo shingo za kuondoleka, zenye kiungio cha pili cha kusuguana. Kampuni ya vifaa tiba ya Stryker iliondoa sokoni nyonga zake za aina hiyo, Rejuvenate na ABG II, mwaka 2012 kwa sababu hiyo. Sisi madaktari tuna sehemu yetu: damu ikibaki kwenye shingo, au tufe likigongwa kwa woga, halikai sawasawa.

Kinachonisumbua zaidi ni umri. Selimundu huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukikosesha damu, na kijana wa miaka 30 akaondoka na metali ya kutembelea maisha yake yote. Huyo namshauri achukue tufe la kauri, mfuko ukiruhusu. Kutu haiishi kabisa, ila hupungua sana.

Kinena kikianza kuuma baada ya miaka ya utulivu, paja likivimba, au nyonga ikachomoka ghafla, eksirei safi isikutulize, kwa kuwa uharibifu unaweza kuwa kwenye nyama tu. Huwa naagiza kipimo cha kobalti na kromu kwenye damu. Kobalti ikiipita kromu kwa mbali, nashuku shingo.

Hapo ndipo ninapohitaji stika za vifaa ulivyowekewa. Waliofanyiwa upasuaji India mara nyingi huniletea picha za eksirei pekee, na picha hainiambii tufe limetengenezwa na nani. Ziombe kabla hujaruhusiwa kutoka wodini.