Damu huagizwa na figo

Mama mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Ahero, alikuja kwenye kliniki yetu ya figo hapa Kisumu na swali ambalo wanafunzi wangu wa udaktari huwa hawaliulizi. Alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba presha ya miaka mingi imezichosha figo zake. Siku hiyo vipimo vilionyesha pia kwamba damu yake ni kidogo. Akaniangalia, akasema: "Daktari, si figo ni za mkojo? Damu imeingiaje hapa?"

Swali hilo lilinigusa, kwa sababu sote tumefundishwa mwili vipandevipande. Ile picha ya ukutani darasani ina mfumo wa hewa kwa rangi ya buluu, wa chakula kwa kijani, wa mkojo kwa njano, kila mmoja na mipaka yake. Mtoto hufaulu mtihani kwa picha ile, lakini hutoka akiamini kwamba figo haziujui uboho wa mifupa, na kwamba mapafu hayana habari na wengu. Ndani ya mwili mambo si hivyo hata kidogo.

Chukua mtu wa Kisumu anayepanda matatu asubuhi kwenda Iten. Kisumu iko mita 1,100 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Iten iko kama mita 2,400. Hewa ya huko juu ina asilimia 21 ya oksijeni, sawa na ya kwetu kando ya ziwa. Kinachopungua ni msukumo wa hewa yenyewe, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Akishuka stejini na kupanda kilima kifupi, anahema.

Aliyemwamuru aheme ni nani? Shingoni, kando ya mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani, kuna vipimio vidogo mno vinavyoonja oksijeni iliyomo katika damu. Vikihisi upungufu hupeleka habari kwenye shina la ubongo, nalo huamuru kiwambo kilicho chini ya mapafu kivute haraka zaidi. Moyo nao huongeza mapigo. Hayo yote hutokea ndani ya dakika chache, mtu akiwa bado anatafuta mahali pa kunywa chai.

Lakini kuhema ni msaada wa muda. Mgeni wetu akikaa Iten wiki kadhaa, mwili unahitaji suluhisho la kudumu, yaani chembe nyekundu nyingi zaidi za kubeba oksijeni. Na agizo la kuzitengeneza halitoki kwenye mapafu wala moyoni. Linatoka kwenye figo.

Hapo ndipo mama wa Ahero aliponikatiza: "Kwa nini figo?"

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Karibu moja ya tano ya damu hiyo hupita kwenye figo mbili ambazo kila moja ni sawa na ngumi. Kwa siku nzima huchuja takriban lita 180 za maji kutoka kwenye damu, kisha hurudisha karibu yote na kuacha lita moja au mbili zitoke kama mkojo. Kwa kuwa damu hupita hapo bila kukoma, ni mahali pazuri pa kuipimia. Ndani ya figo kuna seli zinazotengeneza protini fulani na kuiharibu papo hapo, mradi oksijeni ipo ya kutosha. Oksijeni ikipungua, protini ile haiharibiwi tena. Inabaki, inaingia katika kiini cha seli na kuwasha utengenezaji wa homoni iitwayo erithropoietini. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kufumbua jinsi seli zinavyoitambua oksijeni kwa njia hii.

Homoni hiyo husafiri na damu mpaka kwenye uboho, ule ulio ndani ya mifupa ya nyonga, kifua na uti wa mgongo. Uboho wenye afya hutoa takriban chembe nyekundu milioni 2 kila sekunde. Hata baada ya kuifundisha miaka mingi, hesabu hiyo bado hunishangaza. Kila chembe huishi siku 120 hivi, kisha wengu na ini huzivunja zilizozeeka na kuokoa madini ya chuma yaliyomo ili yatumike upya. Mwili wote una gramu 3 au 4 tu za chuma, na hautupi ovyo.

Sisi watu wa kando ya ziwa tunafahamu vizuri mpango huu unapovurugwa. Vimelea vya malaria huanzia kwenye ini, kisha huingia katika chembe nyekundu na kuzipasua kwa maelfu, na wengu hufura kwa kusafisha mabaki. Mtoto mwenye selimundu ana chembe zinazoishi siku 10 hadi 20 tu, hivyo uboho wake hufanya kazi bila kupumzika. Kwa watoto hao wote figo hupiga kelele ya kuomba damu. Agizo linatoka, tatizo ni kwamba chembe zinaharibiwa haraka kuliko zinavyotengenezwa.

Kwa mama wa Ahero hali ilikuwa kinyume. Uboho wake ulikuwa mzima, lakini figo zilizochakaa zilikuwa zimenyamaza, hazitoi agizo la kutosha. Ndiyo maana alichoka hata kwa kutoka nyumbani hadi kwenye mfereji wa shamba.

Akaniambia majirani wamekuwa wakimletea juisi ya bitiruti, na kwamba anainywa asubuhi na jioni. Ushauri huo hutolewa kwa upendo, na ndio unaonipa hofu kubwa kuliko yote. Bitiruti, sawa na parachichi, ndizi na mboga nyingi za majani, ina potasiamu nyingi. Figo nzima huitoa kwa mkojo. Figo zilizochoka haziwezi, na potasiamu ikijaa katika damu inaweza kusimamisha moyo. Mgonjwa wa figo asianze kinywaji chochote cha kuongeza damu kabla ya kuzungumza na daktari au mtaalamu wa lishe.

Kwa asiye na tatizo la figo, chakula chetu kinatosha kabisa kumpa chuma: omena, nyama, maini, maharagwe, na mboga za kienyeji kama osuga zikikamuliwa ndimu, kwa sababu vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai inywewe mbali na mlo. Huzuia chuma hicho hicho.

Mama yule tulipima kwanza akiba yake ya chuma, kisha tukamwanzishia sindano za erithropoietini iliyotengenezwa maabara. Tunampima presha kila anapokuja, kwa kuwa sindano hizo zinaweza kuipandisha.

Figo haziumi mapema. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake bila kuhisi lolote. Ukiwa na presha au kisukari, uliza kwenye kituo chako cha afya upimwe mkojo kuona kama una protini, na damu kuona kiwango cha kreatinini, yaani taka ambayo figo hutakiwa kuichuja, angalau mara moja kwa mwaka, hata kama unajisikia vizuri na mkojo unatoka kama kawaida.