Simba dume hafuatiliwi peke yake

Tunapomkuta simba dume amelala peke yake chini ya mgunga, jambo la kwanza la kuandika kwenye daftari si ukubwa wake wala weusi wa manyoya ya shingoni. Ni hili: mwenzake yuko wapi? Jibu lake hueleza mengi kuhusu maisha yaliyo mbele ya mnyama huyo: kama atapata kundi la majike, atalishikilia kwa muda gani, na kama watoto atakaowazaa watakua. Ramani ya nyendo za dume mmoja, hata ikijaa alama za setilaiti, ni nusu ya habari.

Safari yake huanza mapema. Akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 4, dume huacha kundi alimozaliwa, na mara nyingi haondoki kwa hiari. Hufukuzwa na madume wenye eneo au na wavamizi wapya. Majike wa kundi moja huwa ni ndugu na mara nyingi huzaa kwa kukaribiana, kwa hiyo vijana huondoka pamoja: wa tumbo moja, na watoto wa mama wakubwa na mama wadogo. Kijana asiye na rika lake huondoka peke yake, na asipokufa njaa au kuuawa, huenda akakutana na mpweke mwingine wakashikamana. Huzurura hivyo kwa miezi au miaka, wakifuata mawindo na kupita katika maeneo ya wengine kimyakimya. Neno kimyakimya nimelitumia kwa makusudi. Dume mwenye eneo hunguruma, na usiku mtulivu sauti yake huweza kusikika umbali wa kilomita 8. Mzururaji hunguruma kwa nadra sana, maana kunguruma ni kuita ugomvi.

Kwa nini ashikamane na mwingine? Hesabu yake ni ya muda. Muungano wa madume ukilitwaa kundi, kwa kawaida hulishikilia kwa miaka 2 hadi 3 tu. Wavamizi wakiingia huwaua au kuwafukuza watoto waliowakuta, na mama aliyepoteza watoto hurudi kwenye joto, yaani huwa tayari kupandwa tena, baada ya muda mfupi. Mimba ya simba huchukua takriban siku 110, na mtoto humtegemea mama yake kwa karibu miaka 2. Kwa hiyo dume anayetolewa mapema huacha watoto ambao hawawezi kujitetea. Wawili hudumu kuliko mmoja, na wanne huweza kushikilia zaidi ya kundi moja kwa wakati mmoja. Mjadala juu ya nani mwenye nguvu kuliko nani, ambao mashabiki wa simba huupenda sana, hupuuza kwamba idadi hushinda misuli mara nyingi.

Serengeti ndiko mambo haya yalikofahamika vizuri. Utafiti wa simba wa huko ulianza mwaka 1966 na mtaalamu George Schaller, na kuanzia mwaka 1978 uliongozwa kwa miongo kadhaa na Craig Packer, ambaye mwanzoni alishirikiana na Anne Pusey. Kila simba alipewa kadi yenye picha na michoro ya vidoa vilivyo juu ya mistari ya sharubu, ambavyo havifanani kati ya simba na simba na havibadiliki maishani. Hadi leo, kabla ya kifaa chochote cha umeme, utambuzi huanzia kwenye sharubu, makovu na mipasuko ya masikio.

Vipimo vya vinasaba vilipoongezwa kwenye kadi hizo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha mpangilio wa kuvutia. Miungano mikubwa, ya madume wanne na kuendelea, ilikuwa ya ndugu watupu. Miungano ya wawili au watatu mara nyingi ilikuwa na dume asiye na undugu wowote na wenzake. Sababu ilionekana kwenye uzazi: madume wawili hugawana watoto kwa uwiano wa karibu, lakini muungano ukiwa mkubwa, baadhi huishia kuwa walinzi bila kupata mtoto hata mmoja. Ndugu anaweza kuvumilia hali hiyo, kwa sababu wapwa na watoto wa kaka nao hubeba damu yake. Mgeni hana faida hiyo, ndiyo maana hajiungi na umati. Hata hivyo, mgawanyo hauko sawa kila mahali. Kwenye msitu wa Gir nchini India, dume anayewatawala wenzake katika muungano ameonekana kupata karibu asilimia 70 ya kupandana, na kwenye mzoga pia hula kuliko mwenzake.

Je, wasio ndugu hupigana kwa moyo uleule? Watafiti walilipima hili kwa kucheza ngurumo za madume wageni kupitia vipaza sauti. Waliosikia walizifuata bila kujali kama walikuwa na undugu na wenzao, na hata pale ambapo mwenza hakuwapo wa kushuhudia. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kushangaza kuliko yote katika maisha ya simba.

Sasa tuje kwenye ufuatiliaji. Dume hupigwa sindano ya usingizi kutoka kwenye gari, daktari wa wanyamapori husimamia mapigo na joto la mwili, kisha hufungwa kola yenye kifaa kinachotuma taarifa za mahali alipo kupitia setilaiti. Kijana hafungwi hivihivi, kwani shingo yake bado inanenepa. Alama zikirundikana mahali pamoja kwa saa nyingi, huenda pana mzoga, au amelala tu. Lazima mtu aende kuangalia.

Ugumu uko kwenye kusoma uhusiano. Madume wa muungano mmoja wanaweza kuwa mbali kwa siku kadhaa, na anayetazama kompyuta ofisini hudhani wametengana. Kumbe mmoja anamlinda jike aliye kwenye joto, hali inayodumu takriban siku 4, na mwingine anapiga doria upande wa pili wa eneo. Wakikutana husuguana vichwa kwa muda mrefu. Salamu hiyo haionekani kwenye setilaiti, na ndiyo inayokuambia kama muungano bado upo.

Mwaka 2015, simba Cecil aliyekuwa na kola aliuawa na mwindaji nje ya Hifadhi ya Hwange nchini Zimbabwe. Mwenza wake, Jericho, hakuwa ndugu yake, na wengi walihofu kwamba angewaua watoto wa marehemu. Hakufanya hivyo, alibaki nao. Tanzania imeweka umri wa miaka 6 kuwa wa chini kwa dume anayeruhusiwa kuwindwa, ili awe amepata nafasi ya kukuza watoto. Ni kanuni nzuri, ila umri pekee hausemi ni nani atakayeachwa peke yake baada ya risasi.

Muungano huonekana pia pale wanapolazimika kuhatarisha maisha. Februari 2024, nchini Uganda, simba Jacob, aliyepoteza mguu kwa mtego, pamoja na kaka yake Tibu walirekodiwa na droni yenye kamera ya joto wakivuka kwa kuogelea Mfereji wa Kazinga, takriban kilomita 1.5, kwenye maji yenye mamba na viboko. Watafiti wanaamini walikuwa wakitafuta majike, ambao ni wachache katika Hifadhi ya Queen Elizabeth.

Kuna mahali ambapo njia za madume zimefungwa na athari zake zimeonekana kwa miongo. Mwaka 1962 nzi wanaouma waliwaangamiza simba wa Kreta ya Ngorongoro, wakabaki wachache sana. Madume saba waliingia kutoka nje, na simba waliofuata wakatokana na damu hiyo finyu. Baadaye miungano mikubwa ya humo iliwazuia wageni, na makazi ya watu na mifugo kati ya kreta na Serengeti yakawa kizuizi kingine. Ushoroba huo, yaani njia ya wanyama kati ya kreta na Serengeti, unategemea uvumilivu wa wafugaji, kwa sababu anayepita humo ni yule kijana mzururaji, mwenye njaa, asiye na eneo.

Kwa jamii inayoishi jirani na simba, kola ina kazi nyingine. Pembezoni mwa Hwange, walinzi wa kijamii hupewa taarifa simba mwenye kola anapokaribia, wakawaonya wafugaji na kumfukuza kwa kelele za vuvuzela. Ukipewa taarifa kama hiyo, ingiza mifugo zizini kabla ya giza, ziba matundu ya boma, na usimfuate simba kwa miguu. Kola inaonyesha alipo mmoja tu. Mwenzake asiye na kola anaweza kuwa karibu zaidi na boma kuliko yeye.