Algoriti: Dhana ya Kwanza kwa Anayeanza Sayansi ya Kompyuta

Mtu anayetaka kujifunza sayansi ya kompyuta kwa kawaida huuliza swali moja kabla ya mengine yote: aanze na lugha gani ya programu, Python, Java au C? Swali hilo lina nafasi yake, ila huulizwa mapema mno. Lugha ya programu ni chombo cha kuandikia jambo fulani, na jambo lenyewe linaloandikwa huitwa algoriti. Asiyejua algoriti ni nini anaweza kukariri kanuni za lugha tatu na bado akakaa mbele ya skrini tupu asijue aandike nini. Aliyeielewa huhama kutoka lugha moja hadi nyingine bila tabu kubwa, kwa sababu alichonacho kichwani hakitegemei lugha yoyote.

Algoriti ni mfululizo wa hatua zenye kikomo, kila hatua ikiwa imeelezwa pasipo utata, ambao hupokea data na kutoa jibu la tatizo la aina fulani. Hatua huwa na kikomo kwa sababu utaratibu usiokwisha hautoi jibu. Huelezwa pasipo utata kwa sababu mtekelezaji, awe mashine au mtu, hatakiwi kukisia mwandishi alikusudia nini. Agizo kama “panga namba hizi vizuri” halifai, kwa kuwa halisemi kama tuanze na ndogo au kubwa. Na tunasema “tatizo la aina fulani” kwa sababu algoriti hujibu kundi zima la maswali: utaratibu unaojua kujumlisha 7 na 5 tu hauna faida, unaotakiwa ni ule unaojumlisha namba zozote mbili.

Mfano mzuri ni wa kale sana. Euclid, mwanahisabati Mgiriki aliyeishi yapata mwaka 300 KK, aliandika namna ya kupata kigawo kikubwa cha shirika cha namba mbili, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote mbili bila baki. Kwa maneno ya leo utaratibu huo unasema hivi: gawanya namba kubwa kwa ndogo na utazame baki, baki ikiwa sifuri, ile namba ndogo ndiyo jibu; kama baki si sifuri, iache namba kubwa, chukua ile ndogo pamoja na baki, kisha urudie. Tuchukue 1071 na 462. Kugawanya 1071 kwa 462 kunaacha baki ya 147. Kugawanya 462 kwa 147 kunaacha 21. Kugawanya 147 kwa 21 hakuachi kitu, kwa hiyo jibu ni 21. Hatua tatu zimetosha, na hatukulazimika kuorodhesha vigawo vya namba yoyote kama tulivyozoea shuleni. Zaidi ya hayo, tuna uhakika kwamba utaratibu huu utakoma, kwa sababu baki hupungua kila mara na haiwezi kushuka chini ya sifuri.

Euclid hakuwa na kompyuta, na hilo si jambo la kupita juu juu. Algoriti zimetangulia mashine kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Neno lenyewe linatokana na jina la al-Khwarizmi, mwanazuoni wa karne ya 9 aliyefanya kazi Baghdad, ambaye kitabu chake cha kueleza hesabu kwa tarakimu za Kihindi kilipotafsiriwa kwa Kilatini jina lake liliandikwa Algoritmi; kitabu chake kingine ndicho kilichotupa neno aljebra. Mwanahisabati Ada Lovelace naye, mwaka 1843 nchini Uingereza, alichapisha hatua za kukokotoa namba za Bernoulli, mfuatano maalumu wa namba katika hisabati, kwa mashine ya kukokotoa ya mvumbuzi Charles Babbage ambayo haikuwahi kukamilishwa. Siku hizi neno hili limeenea kwa njia ya mitandao ya kijamii, ambako mtu ambaye picha yake haikutazamwa husema algoriti imemficha, utadhani ni kiumbe mwenye kinyongo. Kinachotajwa hapo ni utaratibu wa kupanga machapisho kwa vigezo vilivyochaguliwa na watu. Hauna siri nyingine zaidi ya vigezo hivyo.

Tatizo moja linaweza kuwa na algoriti nyingi sahihi, nazo zikatofautiana sana kwa kasi. Hapa ndipo sayansi ya kompyuta inapoanza kuwa sayansi. Fikiria orodha ya majina 1,000,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, nasi tunatafuta jina moja. Njia ya kwanza ni kuanza juu na kusoma jina moja baada ya jingine, na kwa bahati mbaya kabisa tutasoma yote milioni. Njia ya pili ni ile ambayo mtu huikaribia anapotafuta neno katika kamusi: fungua katikati, linganisha, kisha utupe nusu ambayo neno haliwezi kuwamo, na uendelee vivyo hivyo na nusu iliyobaki. Kwa njia hii majina milioni moja huhitaji ulinganisho usiozidi 20, na majina bilioni moja usiozidi 30. Orodha ikiongezeka maradufu, kazi huongezeka kwa hatua moja tu. Hakuna prosesa mpya, yaani sehemu ya kompyuta inayotekeleza hatua, inayoweza kumpa mtu faida ya namna hiyo. Ipo gharama, hata hivyo: orodha lazima iwe imepangwa tangu mwanzo, na kupanga nako ni kazi yenye algoriti zake.

Ndiyo maana wataalamu hawapimi algoriti kwa sekunde, kwani sekunde hutegemea mashine. Hupima jinsi idadi ya hatua inavyokua kadiri data inavyoongezeka. Zipo algoriti ambazo ukuaji wake unatisha. Tuseme tunatafuta mpangilio bora wa kutembelea miji 20, na tumeamua kukagua kila mpangilio unaowezekana. Mipangilio hiyo ni 2,432,902,008,176,640,000. Kompyuta inayokagua bilioni moja kila sekunde ingemaliza baada ya miaka 77 hivi, na ukiongeza mji mmoja tu, muda huo unazidishwa mara 21. Utaratibu huo ni sahihi kabisa, na haufai.

Sasa tutofautishe algoriti na programu, maana wanaoanza huzichanganya. Algoriti ni wazo. Programu ni wazo hilo lililoandikwa kwa lugha ambayo kompyuta inaweza kuitekeleza, ndani ya mashine yenye kumbukumbu na mipaka yake. Wazo linaweza kuwa sahihi na programu ikawa na kosa. Mwaka 2006 Joshua Bloch, mmoja wa waliounda maktaba za lugha ya Java, yaani mikusanyo ya programu zilizo tayari kutumiwa na waandishi wengine, alieleza kwamba utafutaji ule wa nusu kwa nusu, kama ulivyoandikwa katika maktaba hizo, ulikuwa na hitilafu iliyokaa humo kwa takriban miaka 9. Ili kupata nafasi ya katikati, programu ilijumlisha nafasi ya mwanzo na ya mwisho, kisha ikagawanya kwa mbili. Katika hisabati hakuna ubaya wowote. Lakini ndani ya Java namba nzima ya kawaida huhifadhiwa katika biti 32, yaani tarakimu 32 ambazo kila moja ni 0 au 1, na haiwezi kuzidi 2,147,483,647. Orodha ikiwa na vitu zaidi ya bilioni moja, jumla ile inaweza kupita kikomo hicho na kugeuka namba hasi, na programu ikavunjika. Mojawapo ya njia za kusahihisha ni kutoa kwanza nafasi ya mwanzo kutoka ya mwisho, kugawanya tofauti hiyo kwa mbili, halafu kuiongeza kwenye nafasi ya mwanzo. Hesabu ni ileile kwenye karatasi, lakini ndani ya mashine si ileile.

Vijenzi vya algoriti ni vichache kuliko anavyodhani anayeanza. Kuna mfuatano, yaani kufanya hatua moja baada ya nyingine. Kuna uamuzi, yaani kufanya hili ikiwa sharti fulani limetimia au lile lisipotimia. Na kuna marudio. Mwaka 1966 wanasayansi wa kompyuta Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walithibitisha kwamba vijenzi hivyo vitatu vinatosha kueleza chochote ambacho programu inaweza kukokotoa. Utaratibu wa Euclid unavyo vyote vitatu.

Si kila swali lina algoriti. Mwaka 1936, kabla kompyuta za kielektroniki hazijajengwa, wanahisabati Alonzo Church na Alan Turing walionyesha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba yapo makundi ya maswali ambayo hakuna utaratibu wa aina hii unaoweza kuyajibu yote. Linalojulikana zaidi ni tatizo la kusitishwa: hakuna algoriti inayoweza kupokea programu yoyote na data yake, kisha ikasema kwa uhakika kama programu hiyo itafika mwisho au itazunguka milele. Kikwazo hicho hakitokani na uchache wa kumbukumbu wala udogo wa kasi.

Anayeanza atafaidika akishika kalamu na karatasi kabla ya kugusa kibodi. Aandike kwa Kiswahili cha kawaida hatua za kupata namba kubwa kuliko zote katika orodha, kisha azifuate mwenyewe kwa namba tano au sita, kidole kikiwa kwenye mstari, bila kujisaidia kwa lolote ambalo hakuliandika. Wengi huanza kwa kusema kwamba kubwa ya mpaka sasa ni sifuri, halafu hulinganisha kila namba na hiyo. Hatua hizo zinafanya kazi vizuri kabisa hadi apewe orodha yenye -8, -3 na -15, ambapo zitajibu sifuri, namba ambayo haimo hata kwenye orodha. Akishasahihisha kwa kuanza na namba ya kwanza ya orodha yenyewe, ampe mtu mwingine orodha isiyo na namba hata moja, amwombe afuate hatua zilezile, na atazame mtu huyo anakwama kwenye mstari gani.