Kufuata sababu za mwenye nyumba

Siku hizi ni nadra mwenye nyumba wa Louisville kumwambia mtu usoni kwamba hapangishi kwa Weusi. Sheria anaijua. Atasema hapokei vocha ya serikali ya kusaidia kulipia nyumba, au familia yako ni kubwa mno, au rekodi yako ya mikopo haijafikia alama anazotaka. Sababu kama hizo zinaweza kuwa za kweli, na zinaweza pia kuwa pazia. Mimi naongoza utetezi wa sera za makazi kwenye shirika la haki za raia hapa Kentucky, Marekani. Ndugu zangu wakiniuliza kazi yenyewe ni ipi, nawaambia wanasheria wetu wanamfuata mwenye nyumba aliyevunja sheria, nami nafuata yale ambayo sheria bado inamruhusu.

Mji huu una uzoefu wa siku nyingi wa mambo haya. Mwaka 1914 baraza la Louisville lilipitisha sheria ndogo iliyomkataza Mweusi kuhamia kwenye mtaa wenye Wazungu wengi, na Mzungu kuhamia kwenye mtaa wenye Weusi wengi. Kwa maandishi, ilizigusa pande zote mbili sawasawa, na lengo lililotajwa lilikuwa kulinda amani. William Warley, kiongozi wa hapa wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, akafanya jambo ambalo mpaka leo nawasimulia vijana wanaoanza kazi ofisini kwetu. Aliweka mkataba wa kununua kiwanja cha Charles Buchanan, dalali Mzungu ambaye naye aliipinga sheria hiyo, na mkatabani wakaweka kifungu kwamba Warley halazimiki kulipa iwapo sheria itamzuia kuishi pale. Kisha Warley akagoma kulipa, Buchanan akamshtaki. Mwaka 1917 majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakaitupa sheria ile kwa kauli moja. Warley kesi yake ilimwendea kombo, ila alichokuwa akikitafuta alikipata.

Hoja iliyoshinda ilikuwa haki ya mwenye mali kuuza mali yake kwa amtakaye; usawa wa binadamu haukuwa ndio msingi wa hukumu. Hoja hiyohiyo ya mwenye mali naisikia leo kwenye kamati za bunge la jimbo kule Frankfort, ikitumiwa kutetea haki ya kukataa vocha.

Vocha ninayoisema ni ile ambayo wengi huiita Section 8. Mpangaji hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, na mamlaka ya nyumba humlipa mwenye nyumba sehemu iliyobaki kwa fedha za serikali kuu. Kaya zaidi ya milioni 2 nchini zinaitumia, na hiyo ni sehemu ndogo tu ya wanaostahili msaada, maana wengi hukaa kwenye orodha ya kusubiri miaka. Ukishaipata unapewa muda wa kutafuta nyumba, kwa uchache siku 60. Zikiisha hujapata wa kukupokea, na hujaongezewa muda, vocha inarudi ilikotoka. Kwa hiyo neno "hatupokei vocha" kwenye tangazo si dogo.

Sheria ya taifa ya makazi ya haki, iliyosainiwa Aprili 1968 wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, inakataza ubaguzi wa rangi, dini na asili ya taifa. Jinsia iliongezwa 1974, ulemavu na familia zenye watoto 1988. Chanzo cha kipato, kama vile vocha, hakimo. Kentucky yenyewe ilikuwa jimbo la kwanza la Kusini kupitisha sheria yake ya makazi, mwaka huohuo wa 1968, kwa juhudi za watu kama Seneta Georgia Davis Powers. Jambo hilo wabunge wa leo hupenda kulitaja kwenye hotuba.

Pengo la chanzo cha kipato miji ilijaribu kuliziba yenyewe. Louisville iliongeza ulinzi huo mwaka 2020, Lexington ikafuata mapema 2024. Wino wa Lexington haujakauka, bunge la jimbo likapitisha muswada wa kuikataza miji kumlazimisha mwenye nyumba apokee vocha. Gavana Andy Beshear akautia kura ya turufu. Mgeni wa siasa za hapa angedhani tumepona, lakini Kentucky haihitaji theluthi mbili kuipindua turufu ya gavana. Zinatosha kura 51 kati ya 100 za Baraza la Wawakilishi na 20 kati ya 38 za Seneti, yaani wingi uleule wa kawaida. Ikapinduliwa.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuhesabu kura kabla ya kuandika neno lolote. Kwa mashirika yetu yasiyotozwa kodi kuna mipaka: kumpigia debe mgombea ni marufuku kabisa, na fedha za kushawishi miswada zina kikomo chake. Lililo huru ni kuelimisha, na hapo ndipo saa nyingi zinakwenda. Wenye nyumba nao nawasikiliza, hata wenzangu wakinuna. Wanalalamika kwamba ukaguzi wa nyumba kabla ya mpangaji wa vocha kuingia huchelewa, na nyumba hukaa tupu bila kodi. Ni kweli. Anayetaka vocha ipokelewe, na aihimize mamlaka ya nyumba ikague upesi. Kwa muswada wa usawa huenda nisipate kura ya mbunge wa kijijini, lakini kwa ukaguzi wa haraka naweza kuipata.

Sababu ya familia kubwa inawagusa sana watu wetu. Kentucky imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Kiswahili utakisikia dukani, kanisani na kwenye foleni ya kliniki. Mama mmoja alinieleza alivyokwenda kuomba nyumba ya vyumba vitatu. "Walituuliza tuko wangapi. Nikasema tuko saba. Wakasema kwa saba nyumba haiko." Wa saba alikuwa mgongoni, mtoto wa miezi minne.

Mwenye nyumba alikuwa ametumia kanuni ya watu wawili kwa chumba cha kulala. Wengi huisema kana kwamba ni sheria. Asili yake ni waraka wa mwaka 1991 wa mwanasheria mkuu wa wizara ya nyumba, Frank Keating, unaosema watu wawili kwa chumba ni kiwango kinachokubalika kwa kawaida. Waraka huohuo unataka pia uangaliwe ukubwa wa vyumba, umri wa watoto na mpangilio wa nyumba. Nusu ya kwanza imekaririwa nchi nzima, ya pili imeachwa kwenye karatasi. Na kanuni ya kielelezo ya utunzaji wa majengo inayotumiwa na miji mingi hupima kwa nafasi: chumba cha mtu mmoja kiwe na futi za mraba zisizopungua 70, na wakizidi mmoja, futi 50 kwa kila mtu. Chumba cha futi 150 kinachukua watatu. Pendekezo letu kwa madiwani ni kwamba asiyepangisha kwa familia kwa sababu ya idadi atoe vipimo vya vyumba vyake kwa maandishi.

Mama huyo nilimwambia ninayowaambia wengine. Hifadhi tangazo, ujumbe wa simu, jina la aliyekujibu na tarehe. Malalamiko kwa wizara ya nyumba, yaani HUD, unayo nafasi ya mwaka mmoja tangu kitendo kutokea, na mahakamani miaka miwili. Kuwa mkimbizi, au kutokuwa na uraia, hakukuondolei haki hiyo. Na usikubali jibu la mdomo tu: waombe wakuandikie sababu ya kukukatalia, kwa barua pepe.