Magonjwa ya zinaa na saratani ya mlango wa kizazi: maswali ya wanawake wa Nyanda za Juu Kusini

Je, kila ugonjwa wa zinaa huleta saratani ya mlango wa kizazi?

Hapana, na ni vyema jambo hili lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu wapo wanawake waliowahi kutibiwa kisonono au kaswende wakapona, lakini wakaendelea kuishi na hofu kwa miaka mingi. Kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi ni virusi vya papiloma, vinavyojulikana kwa kifupi kama HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana na hata kwa ngozi ya sehemu za siri kugusana. Virusi hivi ni vya aina nyingi. Aina ya 16 na ya 18 ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo, ilhali aina ya 6 na ya 11 huleta masundosundo, ambayo humsumbua na kumfedhehesha mgonjwa lakini si chanzo cha saratani hii. Hata hivyo, magonjwa mengine ya zinaa yasipuuzwe, kwani klamidia isiyotibiwa inaweza kuziba mirija ya uzazi, na anayeugua ugonjwa mmoja wa zinaa yuko katika mazingira yale yale ya kuambukizwa HPV.

Nina mume mmoja tu tangu niolewe. Kwa nini nipimwe?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na mara nyingine kwa woga wa ugomvi nyumbani. HPV imeenea kiasi kwamba watu wengi waliowahi kujamiiana huipata wakati fulani maishani, na wengi wao mwili huiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili bila dawa na bila wao kujua. Kwa wachache virusi hubaki, vikaendelea kubadilisha chembechembe za mlango wa kizazi polepole, na kwa mwanamke mwenye kinga imara mabadiliko hayo huchukua kati ya miaka 15 na 20 kufikia saratani. Kwa hiyo mama wa Tukuyu mwenye umri wa miaka 40 anaweza kukutwa leo na mabadiliko yaliyotokana na maambukizi ya ujanani, yawe yalitoka kwake au kwa mumewe, kabla hawajafahamiana. Majibu hayo hayathibitishi kwamba kuna aliyetoka nje ya ndoa, na mhudumu wa afya anapaswa kulisema hilo waziwazi kabla mama hajaondoka chumbani.

Ninaishi na VVU na ninatumia dawa za kufubaza. Hali yangu ni tofauti?

Ni tofauti, na kwa mikoa yetu hili ndilo jibu lenye uzito kuliko yote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa kiwango cha maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 4.4 kwa Tanzania nzima, lakini Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi takriban mara sita zaidi ya asiye na VVU, kwa kuwa kinga iliyodhoofika hushindwa kuiondoa HPV, na ile safari ya miaka 15 inaweza kufupika ikawa ya miaka mitano hadi 10. Dawa za kufubaza husaidia sana, na zisiachwe hata siku moja, lakini hazichukui nafasi ya uchunguzi. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake wanaoishi na VVU waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 25, na wengine miaka 30. Mama anayetoka kijijini Makete au kwenye mashamba ya chai ya Mufindi kufuata dawa CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, amekwisha kulipa nauli na kuacha kazi zake. Aulize siku hiyo hiyo kama uchunguzi unapatikana, hata kama hakuna aliyemtajia.

Sina maumivu wala uchafu wowote. Si dalili kwamba niko salama?

La. Mabadiliko ya awali hayaumi. Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, damu kurudi baada ya hedhi kukoma, au majimaji yenye harufu kali, mara nyingi ni dalili za ugonjwa uliokwisha kusogea mbele. Inasikitisha kuona mwanamke akimeza dozi baada ya dozi za UTI alizonunua duka la dawa, huku hakuna aliyewahi kuutazama mlango wake wa kizazi.

Chanjo na kondomu zinasaidia?

Zinasaidia. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018, na tangu 2024 msichana wa miaka 9 hadi 14 huchanjwa dozi moja tu. Haiharibu uzazi. Kondomu hupunguza hatari, ila haifuniki ngozi yote.

Uchunguzi wenyewe ukoje, na nikikutwa na tatizo?

Mhudumu hupaka siki iliyopunguzwa makali kwenye mlango wa kizazi, akasubiri dakika moja hivi na kutazama kama kuna sehemu iliyogeuka kuwa nyeupe. Weupe huo pekee haumaanishi saratani. Mara nyingi ni mabadiliko yanayotibika, pengine siku hiyo hiyo, kwa tiba mgando, yaani kuigandisha sehemu hiyo kwa baridi kali, au kwa kifaa cha joto. Panapokuwa na shaka kubwa zaidi, hupewa rufaa ili kinyama kidogo kikapimwe. Baada ya tiba mgando, majimaji mepesi hutoka kwa wiki kadhaa, na wenzi hushauriwa kutojamiiana kwa takriban mwezi mmoja hadi kidonda kipone. Homa, damu nyingi, maumivu makali ya tumbo au harufu mbaya katika kipindi hicho ni sababu ya kurudi kituoni mara moja bila kusubiri tarehe aliyopangiwa.